Papa Manevu, Aliyewafundisha Ng'ombe Kurudi Kinyumenyume

Jina lake sitalitaja. Mwenyewe hakupenda litajwe, na hapa Kamina ukiliuliza wengi watakutazama tu. Lakini ukisema Papa Manevu, hata mwendesha pikipiki aliyefika jana atakuonyesha nyumba. Manevu ni kazi ya kupanga mabehewa stesheni: hili lisukumwe huku, lile livutwe kule, mpaka treni ikamilike. Aliifanya kazi hiyo tangu ujana hadi mvi, na walipompumzisha hakukubali kupumzika. Alikabidhiwa maksai wawili wa kukokota, mali ya shirika la wakulima wa mtaa wetu, akawafunga nira, akaendelea na manevu yake barabarani.

Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, katika zile nyumba za zamani za watu wa reli. Nauza unga wa mahindi na wa muhogo. Soko limenifundisha kumpima mtu kabla hajafungua mdomo, na huwa sikosei sana. Kwa huyu mizani yangu ilikataa kabisa kufanya kazi.

Ng'ombe wa watu wengine huendeshwa kwa fimbo na matusi. Wake waliendeshwa kwa firimbi, ileile aliyotoka nayo stesheni, aliyoifunga shingoni kwa kamba ya kiatu. Mlio mmoja mrefu, wanakwenda. Miwili, wanarudi kinyumenyume. Mitatu mifupi, wanasimama, na wakisimama wamesimama. Mweusi wa kushoto alimwita Luena, kwa ajili ya makaa ya mawe yanayochimbwa mahali pa jina hilo. Mwekundu wa kulia alimwita Kabalo, kwa ajili ya njia ya reli inayokwenda huko. Hakuwaita ng'ombe hata siku moja. Aliwaita ba ajenti, kama wafanyakazi wenzake wa reli, na walikuwa na siku zao za mapumziko. Ungeweza kumfuata Jumapili na shida ya namna gani, ukiwa na magunia barabarani na mvua juu ya kichwa, naye angekujibu kwa upole kabisa, "Leo ba ajenti beko mu konje." Konje ni likizo. Ng'ombe walikuwa likizoni, wewe ubaki na magunia yako.

Kwa ng'ombe alikuwa mpole, kwa watu alikuwa mkali. Luena akikanyaga mboga za jirani, alimwambia polepole, kama anayemshauri mtoto wa mkubwa wake. Jirani akija kulalamika, yeye ndiye aliyefokewa: kwa nini amepanda mboga njiani? Aliheshimu saa kuliko padri. Kila asubuhi alitoka nyumbani kwa saa ya treni fulani ya abiria ambayo haijapita Kamina tangu mimi sijaolewa, na ukimwuliza anakimbilia nini, anakuonyesha saa yake ya mkononi, basi. Katika mji ambao treni huja ikipenda, yeye peke yake ndiye hakuwahi kuchelewa.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinaniudhi. Gurudumu la kulia la mkokoteni wake lilikuwa linalia. Lilianza kulia mwisho wa mtaa, likapita dirishani kwangu likilia, likapotelea upande wa soko bado linalia. Mafuta yalikuwapo. Siku za maonyesho alipaka mawese kwenye pembe za ng'ombe mpaka zikang'aa, lakini gurudumu hakuligusa. Nikimpelekea tone la mafuta kwenye kikopo anashukuru, anakiweka dirishani, na kesho gurudumu linalia vilevile.

Maonyesho ninayosema ni yale ya mifugo ya mkoa, ambayo hapa kila mtu anayaita fware. Yanafanyika kwenye uwanja ulio kando ya njia za reli. Asubuhi wanaangalia mbegu ya mnyama: pembe, mgongo, kwato, nundu. Mchana ndipo ng'ombe wa kukokota wanashindana, kila jozi na mkokoteni wake na magunia yake, kupita kati ya vigingi bila kuviangusha. Papa Manevu hakupenda mikusanyiko, hata harusi za wanawe mwenyewe alikaa nje. Lakini fware ilipokaribia hakulala vizuri. Aliwaogesha ba ajenti kwa sabuni ya kufulia, akavaa koti lake la reli, na tai, na kofia, akaenda kushindana.

Mara yake ya kwanza watu bado wanaisimulia. Kamina nzima ilijua kuwa siku hiyo hakuna treni, kwa sababu iliyokuwa ikingojwa ilikuwa imekwama mbali na hakuna aliyeitarajia tena. Basi Papa Manevu akaingia uwanjani, akapiga mlio mmoja mrefu, ng'ombe wakaenda vizuri, watu wakanyamaza kumtazama. Na treni ikafika. Kijana wa manevu kule ng'ambo ya uzio akapuliza milio miwili kwa ajili ya mabehewa yake. Luena na Kabalo wakasimama, wakafikiri kidogo, wakaanza kurudi kinyumenyume, sawasawa, bila kupinda, mpaka mkokoteni ukaingia ndani ya hema la wageni wa heshima ukasimama kati ya viti. Waheshimiwa walitoka kwa upande wa pili wakiwa wameshika soda zao.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mtu mwingine angewapiga ng'ombe, au angemtukana kijana wa stesheni. Yeye alivua kofia, akageukia reli, akasikiliza.

"Ule mutoto anapiga firimbi muzuri," alisema. "Inasikika mpaka huku."

Tulimwambia abadilishe ishara zake, atumie kengele, atumie mdomo, atumie chochote. Alikataa. Signali ni signali, alisema, haiwezi kuwa na maana moja stesheni na nyingine barabarani. Badala yake, kila mwaka siku ya kuamkia fware alikwenda stesheni kuuliza kama kesho kuna treni, nao walimcheka, maana mwenye jibu hilo hakuwapo hapo stesheni wala mahali pengine popote.

Lakini umati ulikuwa umeona kitu. Hakuna aliyewahi kuona ng'ombe wakirudisha mkokoteni nyuma, na mwaka uliofuata watu walidai waone tena. Waamuzi wakaongeza jaribio: kuurudisha mkokoteni kinyumenyume mpaka ndani ya lango jembamba la vigingi. Jozi za wengine zilikanyagana, zilizunguka, moja ilikaa chini ikagoma. Yake iliingia. Hakuwahi kupata nafasi ya kwanza, kwa sababu asubuhi kwenye mbegu alipoteza kila mara. Mama yake Luena alitoka kwenye ranchi, baba hajulikani. Papa Manevu alimwapia daktari wa mifugo kuwa ni mbegu safi, akiwa na tai shingoni, mwaka baada ya mwaka. Ukimsifu kwa ule mwendo wa kinyumenyume alikuwa na neno lake moja.

"Kwenda mbele, hata mbuzi inajua. Kazi njo kurudisha." Njo ni ndiyo.

Sasa niseme kwa nini naandika habari za mtu huyu.

Uchungu wa kumzaa Ruti, binti yangu, ulinianza mchana wa mvua kubwa. Mume wangu yuko migodini Kolwezi, anakuja anapokuja. Waendesha pikipiki wawili walikuja, wakatazama barabara, wakatazama tumbo langu, wakaondoka. Nikasikia gurudumu linalia. Sikumwita mimi, sijui nani alimwita. Aliweka turubai juu ya mkokoteni na shuka chini, akanipandisha, akatembea mbele kwenye matope akipuliza firimbi yake. Tulipofika hospitali, kati ya barabara na kibaraza cha wodi ya wazazi palikuwa na dimbwi la kumfikia mtu magotini. Akageuza. Akapiga milio miwili. Nililala pale nikiuma shuka, nikaona kibaraza kinakuja kwangu polepole, kwa nyuma, mpaka ubao wa mkokoteni ukagusa saruji. Nilishuka bila kukanyaga maji. Mkunga alisema hajawahi kupokea mgonjwa aliyeletwa hivyo, kama gunia la sukari.

Niliporudi nyumbani na mtoto, nilikwenda kumshukuru. Aliniangalia kama ninayemsingizia. Alisema ng'ombe walikuwa na haja ya mazoezi, fware ilikuwa karibu. Nikamshukuru tena kwa Kiluba chake, wafwako, nikidhani labda Kiswahili hakitoshi. Akajibu kuwa barabara ya hospitali ina kona nzuri, na akaenda zake kuwapa ng'ombe maji.

Ndivyo alivyokuwa. Wema alikuwa nao mwingi, lakini shukrani hakuzipokea. Kila mara alikuwa na sababu ya kazi. Mama yangu aliwahi kunieleza jambo la zamani zaidi. Sisi asili yetu ni Kasai, na miaka ile ya tisini na mbili, tisini na tatu, watu wetu walipofukuzwa mkoani huku wakajaa stesheni hapa kungoja kupelekwa, nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Behewa letu lilikuwa limeachwa juani, la chuma, na watoto walikuwa wanalegea. Mtu mmoja wa manevu, mama alisema, alikuja na injini ndogo akalisukuma behewa hadi chini ya miti iliyokuwa pembeni, akaliacha hapo, akaondoka bila kutuangalia. Mama alimpigia kelele, twasakidila, twasakidila, ambayo ndiyo asante ya kwetu. Miaka mingi baadaye, niliporudi Kamina nikiwa nimeolewa, mama alikuja kunitembelea, akamwona jirani yangu akipita na firimbi shingoni. Akaweka chini kikombe chake cha chai, akasema ndiye. Nilipomwuliza mzee, alikumbuka behewa. Watu hakuwakumbuka, au alisema hivyo.

"Ile behewa ilikuwa inafunga njia," alisema. "Minyi niliondosha tu."

Mama alisema njia ile haikuwa na treni nyingine siku ile nzima. Sikumrudishia Papa Manevu maneno hayo. Niliyaweka tu.

Halafu nikaanza kuona mambo. Nilipita mbele yake barabarani na beseni kichwani, bila kusema, naye hakunisalimu. Nilipokohoa akanisalimu kwa jina. Alikuwa akitembea mkono mmoja juu ya kiuno cha Kabalo. Siku nyingine nilichoka na lile gurudumu, nikachuchumaa nilipake mafuta mwenyewe. Alinishika mkono.

"Iache, Mama Ruti. Ile njo inaniambiaka gurudumu iko wapi."

Nilibaki nimechuchumaa na kikopo changu. Macho yalikuwa yanamwishia, na hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa akiendesha kwa masikio. Miaka yote ile nililaani kelele ambayo ndiyo ilikuwa macho yake. Nilisikia huruma, na nikajua kuwa nikiionyesha atanifukuza uani, kwa hiyo nilisema kuwa mawese yamepanda bei, afadhali niyapikie maharage.

Siri hiyo haikudumu. Binti yake wa Lubumbashi alikuja, akaona, akasema baba atakwenda kukaa naye. Na shirika likakutana. Ng'ombe ni wazee, walisema, hawana tena mwendeshaji, hakuna mwingine anayejua mambo yao ya firimbi. Wachinjwe kwa sikukuu ya mwisho wa mwaka na nyama igawanywe. Mwenyekiti, mtu mnene mwenye haraka, alikuwa ameshazungumza na mchinjaji. Papa Manevu alisimama mkutanoni, kofia mkononi. Hakuomba. Alisema tu kuwa fware iko mbele ya sikukuu. Akipatikana mtu wa kuwaendesha na kuurudisha mkokoteni langoni, wabaki na mtu huyo. Asipopatikana, wachinjwe. Mwenyekiti akakubali, kwa sababu hakuona mtu huyo angetoka wapi.

Jioni hiyo nilimwendea nikamwambia ni mimi.

Kwetu mtoto wa kike akipiga mluzi anakaripiwa, na majirani hawakutaka kujua kuwa firimbi si mluzi. Mama mzima, muuza unga, anapuliza firimbi barabarani nyuma ya ng'ombe. Walisema mume wangu akirudi atanikuta nimekuwa polisi wa barabarani. Papa Manevu aliwasikia.

"Ngombe haiulizake kama ni mwanamuke," aliniambia. "Puliza."

Alikuwa mwalimu mbaya. Alinuna, alirudia neno moja mara mia, alikasirika kwa pumzi yangu fupi. Mlio wangu mmoja ulikatika ukawa miwili, na Luena, mtumishi mwaminifu, alinirudisha kinyumenyume mpaka ndani ya ua wa shule. Lakini kuna kitu alinifundisha ambacho nakitumia hata sokoni, hata na mume wangu. Nilipokuwa narudisha mkokoteni nao ukapinda, nilikuwa nataka kuulazimisha, napuliza zaidi, navuta nira. Alisikia gurudumu likibadilisha sauti.

"Behewa ikikataa, hapana kuisukuma. Ivute mbele kidogo, na weye uanze tena."

Siku ya fware alivaa koti, tai na kofia, ingawa hakuwa mshindani. Asubuhi tulishindwa kwenye mbegu kama kawaida. Daktari wa mifugo alimwuliza kuhusu Luena, naye akaapa tena, mbegu safi, na daktari akaandika alichokiona. Jozi ya ranchi ilikuwa nzuri kweli, migongo imenyooka, na mchana ilipita kati ya vigingi kwa haraka watu wakashangilia. Langoni ikaangusha kigingi kimoja.

Nikaingia. Kwenda mbele tulikwenda, hata mbuzi anajua. Nilipofika mbele ya lango nikageuza, nikapiga miwili, na Kabalo akatoka upande. Mkokoteni ukapinda. Watu wakaanza kucheka, na mwenyekiti aliinuka kitini kama mtu aliyekwisha kuona alichotaka kuona. Nilimtafuta Papa Manevu. Alikuwa kwenye kamba inayozunguka uwanja, ameupa mgongo. Wengine walidhani ameona aibu. Mimi nilijua ameelekeza sikio.

Nikapiga mitatu. Wakasimama. Nikapiga mmoja, tukavuta mbele kidogo. Mitatu tena. Nilingoja mpaka kicheko kikapungua, nikavuta pumzi ya tumboni, nikapiga miwili. Gurudumu likaanza kulia, polepole, kwa sauti moja, na likalia hivyohivyo mpaka mwisho. Kigingi cha kushoto kilitikisika. Hakikuanguka.

Tulikuwa wa pili. Mwenyekiti alikuja na uso wa mtu anayelazimika kumpigia simu mchinjaji. Alisema wabaki, nami niwe nawafundisha vijana wa vijiji vya jirani jambo hilo la kinyumenyume. Nilikimbia hadi kwenye kamba. Papa Manevu alikuwa anaongea na muuza karanga kuhusu mvua. Nilimwambia wafwako.

"Minyi hapana fanya kintu," alisema. "Ni gurudumu."

Treni ya kumpeleka Lubumbashi ilitarajiwa wiki moja, ikafika wiki nyingine. Niliwafunga nira ba ajenti nikamfuata nyumbani, nikapakia sanduku lake na gunia dogo la unga wangu mweupe. Nikamwambia apande. Alikataa, hajawahi kupanda mkokoteni wake mwenyewe. Nikamwambia kuwa sasa si wake. Akapanda, akakaa juu ya sanduku na koti lake la reli, na mji ulimwona akipita.

Mlango wa behewa uko juu, na watu walikuwa wanasukumana chini yake na mizigo, wazee wananyanyuliwa kwa makwapa. Nikaomba njia. Nikageuza. Nikapiga milio miwili, na Luena na Kabalo wakarudi, sawasawa, mpaka ubao wa mkokoteni ukagusa ngazi ya behewa. Binti yake alikuwa mlangoni ananyoosha mkono. Papa Manevu alipapasa mbele yake kwa mguu, akakuta sakafu ya behewa mahali alipodhani pana hewa. Akavuka. Hakukanyaga chini.

Aligeuka mlangoni. Nilitoa mkokoteni kidogo kando, nikasimama kwenye barabara iliyo sambamba na reli. Nikasema neno lile la kwao.

"Wafwako, Papa. Ya behewa ile, na ya Ruti, na ya ba ajenti hawa."

Nilingoja sababu. Nilikuwa nimeshaizoea, nilikuwa hata ninaipenda: barabara ina kona nzuri, njia ilikuwa imefungwa. Alivua kofia.

"Aksanti na weye, mama," alisema. Basi.

Binti yake akamketisha dirishani, na kule mbele kijana wa manevu akapiga mlio mmoja mrefu. Treni ikajivuta. Na ba ajenti wangu, waliofundishwa kuwa signali ni signali, wakaanza kutembea. Sikuwazuia. Tulikwenda sambamba na dirisha lake, mimi nikitembea kwa haraka ubavuni pa Kabalo, gurudumu likilia kwa nguvu zake zote, na nilimwona akilisikia. Uso wake ulifunguka. Akatoa mkono nje ya dirisha, akaunyoosha sawasawa kama wanavyounyoosha wao kusema njia ni nyeupe, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kuyafuta.

Barabara ile inaishia kwenye mfereji. Mimi sikuwa nautazama. Nilikuwa namtazama yeye. Lakini yeye alikuwa anasikiliza gurudumu, na barabara ile aliijua.

"Mitatu, Mama Ruti," alisema dirishani. "Piga mitatu."

Nikapiga mitatu. Luena na Kabalo wakasimama ukingoni pa mfereji, na treni ikaendelea.